Je, Yai Pekee Laweza Kuleta Mtoto?

Nyuki dume hana baba, kwani hutokana na yai lisilorutubishwa. Wengi wameuliza kama binadamu naye angeweza kuzaliwa kutokana na mama tu.

Kwa hesabu, jambo hili huonekana jepesi. Chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46: 23 zimetoka katika yai la mama, na 23 katika mbegu ya baba. Je, mayai mawili yasingetosha?

Jibu lilipatikana mwaka 1984. Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu, Kenya, pamoja na wenzake huko Cambridge, Uingereza, waliunda mayai ya panya yenye viini viwili vya mama, pasipo kiini cha mbegu ya dume. James McGrath na Davor Solter wa Marekani walifanya jaribio kama hilo. Hesabu ya kromosomu ilitimia, lakini hakuna panya aliyezaliwa. Kiinitete kilianza kukua, ila kondo la nyuma lilikuwa dhaifu mno.

Sababu yake ni kwamba baadhi ya jeni hutiwa alama za kikemikali katika mwili wa mzazi. Kuna zifanyazo kazi zikitoka kwa baba tu, na nyingine zikitoka kwa mama tu.

Mwaka 2004, Tomohiro Kono na wenzake mjini Tokyo waliunganisha viini vya mayai ya panya wawili, mmojawapo akiwa ameondolewa sehemu ya jeni hizo. Katika mayai 457, alipatikana panya mmoja tu, Kaguya, aliyekua hadi kuzaa. Kwa binadamu, kila jaribio lililoshindwa lingekuwa mimba ya mwanamke na uhai wa mtoto.

Aidha, kwa kuwa yai hubeba kromosomu ya X tu, uzazi huo ungeleta mabinti watupu. Kromosomu ya Y, iletayo mwana wa kiume, hutoka kwa baba. Kwa hiyo kumlaumu mke azaaye wasichana hakuna msingi wa kisayansi.

Yabaki maswali ambayo maabara haiwezi kuyajibu. Mtoto wa mama wawili angehesabiwa katika ukoo gani, na angemrithi nani? Yafaa yajadiliwe darasani mapema, kabla ufundi haujaitangulia sheria.