Kabla ya kununua kadi ya michoro, soma kibandiko cha pawa saplai

MIONGONI mwa maombi ambayo wazazi wengi huyapokea siku hizi kutoka kwa watoto wao walioko vyuoni ni lile la kuongezewa uwezo wa kompyuta. Anayesomea usanifu wa majengo, anayehariri video na anayejifunza kuchora vibonzo, wote huambiwa na wenzao kwamba mashine zao haziiwezi kazi hiyo mpaka zitiwe kadi ya michoro. Fedha hutafutwa, kadi hununuliwa, nayo hupachikwa katika kompyuta ya zamani. Baada ya siku chache, kila kazi nzito inapoanza, kompyuta huzimika ghafla. Kadi hulaumiwa, na muuzaji naye hulaumiwa, ilhali kasoro huenda iko kwingine kabisa.

Kwingine huko ni kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta, ambamo huchomekwa waya utokao ukutani. Mafundi hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni wa volti 230 hivi, kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, kisha kuugawa kwa kila kifaa. Prosesa na kadi ya michoro, ambavyo ndivyo walaji wakubwa, hutegemea zaidi ule wa volti 12. Ukizidiwa huo, mashine yote hutetereka.

Tuchukue mfano wa kompyuta ambayo imeenea sana katika maduka ya mitumba: Dell OptiPlex 9020, ile ya umbo kubwa. Pawa saplai yake ni ya wati 290. Prosesa ya Core i5-4590 iliyomo katika nyingi kati ya hizo imekadiriwa wati 84. Diski, feni, kumbukumbu na ubao mkuu tuvipe wati 50 kwa pamoja. Sasa kijana anataka kadi ya GeForce RTX 3060, ambayo peke yake hula wati 170. Jumla ni wati 304, nasi tayari tumekwisha kuupita uwezo wa kisanduku. Tena kadi za namna hii huweza kuruka juu ya kipimo chake kwa kitambo kifupi sana kazi inapopamba moto. Ndiyo maana Nvidia, watengenezaji wa kadi hiyo, hupendekeza pawa saplai ya wati 550.

Hapo ndipo mnunuzi huenda dukani kutafuta kisanduku kingine, na hapo ndipo penye mtego. Vipo visanduku vya bei ya chini vilivyoandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Usiridhike na herufi hizo. Kigeuze kisanduku, utafute jedwali dogo lililo kwenye kibandiko, na uisome safu ya volti 12. Ikiwa imeandikwa ampea 20, zidisha 12 kwa 20: utapata wati 240 tu. Hizo hazitoshi kuilisha prosesa na kadi katika mfano wetu, ambazo kwa pamoja zinahitaji wati 254. Kisanduku cha kweli cha wati 550 kwa kawaida huonyesha ampea 45 hivi katika safu hiyo, yaani wati 540. Hesabu hii haihitaji fundi. Mzazi yeyote huweza kuifanya akiwa amesimama dukani, na muuzaji mwaminifu hatachukizwa nayo.

Jambo la pili ni waya. Nafasi ya kupachikia kadi katika ubao mkuu hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huongezewa kwa plagi ya pini 6, inayoleta wati 75 nyingine, au ya pini 8, inayoleta 150. Plagi hizo zitoke katika pawa saplai yenyewe. Wapo wanaouziwa kiunganishi cha kugeuza waya mwembamba wa diski ya SATA uwe plagi ya pini 8. Waya ule umekusudiwa wati 54 tu kwa volti 12; ukitwishwa mzigo wa kadi hupata moto, na plastiki yake huweza kuyeyuka. Aidha, pawa saplai zenye waya za kuchomoa hazibadilishani waya baina ya kampuni na kampuni. Plagi inaweza kuingia vizuri, lakini mpangilio wa ndani ukawa mwingine, na vifaa vikaungua mara moja.

Tena, si kila kompyuta hupokea kisanduku cha kawaida. OptiPlex 9020 tuliyoitaja hutumia plagi ya pini 8 kwenye ubao mkuu wake, badala ya pini 24 zilizozoeleka. Atakayebadilisha atahitaji kiunganishi maalumu cha kazi hiyo. Na baadhi ya pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, cha kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda ikawa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu, itaungua papo hapo.

Je, ile alama ya 80 PLUS ina maana gani? Huonyesha ni kiasi gani cha umeme unaolipiwa hufika kwenye vifaa bila ya kupotea kama joto. Daraja la Bronze, likiwa na nusu ya mzigo, hufikisha takriban asilimia 85, na Gold takriban 90. Ni alama nzuri, lakini haisemi lolote juu ya kinga. Ulizia pia kama kisanduku hujizima chenyewe umeme unapozidi au waya zinapogusana. Kisicho na kinga hiyo kikifa, huweza kuondoka pamoja na ubao mkuu, na hata diski yenye kazi za mtoto za miaka yote ya chuo.

Basi, ndugu mzazi, bajeti ya kadi na bajeti ya pawa saplai ziwekwe pamoja tangu mwanzo. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote viwili, ni heri kupunguza kadi. GeForce GTX 1650, kwa mfano, hula wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Katika kompyuta ile ile ya Dell jumla itakuwa wati 209, ndani ya uwezo wa kisanduku kilichopo. Kijana atafanya kazi zake polepole kidogo, lakini atazimaliza. Na fedha za kadi kubwa zitakapopatikana, pawa saplai inunuliwe kwanza.