Maua yanayopandwa juu ya theluji

Mzee mmoja wa hapa Dar es Salaam ameandikia kipindi chetu akiwa na wasiwasi. Binti yake anaishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani. Katika mazungumzo yao ya simu ya mwezi Februari, binti alimwambia kwamba siku ile alikuwa ametoka nje kupanda mbegu za maua, huku theluji ikimfika magotini. Mzee anauliza: je, mwanangu ni mzima, au baridi na upweke wa kule vimekwisha kumwingia kichwani?

Namtoa wasiwasi mzee wetu, pamoja na wazazi wengine wenye watoto ughaibuni. Binti ni mzima, tena huenda ni mkulima hodari kuliko majirani zake.

Sisi wa pwani tumezoea kuona kwamba mbegu hutaka joto na maji, basi. Lakini mbegu inayodondoka Septemba katika nchi ya theluji ingeota mara moja, mche wake ungekufa Desemba. Kwa hiyo mbegu nyingi za kule zimefungwa, na hazifunguki mpaka zikae kwenye ubaridi na unyevu kwa majuma kadhaa. Mbegu huwa kama inahesabu siku za baridi, na zikitimia ndipo hukubali kwamba kipupwe kimepita. Anayezipanda Februari anaziwahisha kwenye hesabu hiyo. Akingoja Mei, joto likiwa limeshaingia, nyingine hazitaota kabisa.

Chukua ua liitwalo popi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la tumbaku, zinataka mwanga ili ziote, na mche wake haupendi kuhamishwa kwa sababu ya mzizi wake mrefu. Basi wakulima huzimwaga juu ya theluji penyewe, mahali yatakapoota. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, udongo hupasuka nyufa ndogondogo na kuzimeza mbegu taratibu. Hakuna jembe wala kufukia. Na theluji yenyewe, kwa kuwa imejaa hewa, ni blanketi: juu inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na chini yake udongo ukabaki karibu na sifuri.

Wengine hutumia madumu ya plastiki ya maziwa. Dumu hukatwa katikati, hutobolewa chini, hutiwa udongo na mbegu, kisha hufungwa tena kwa gundi ya karatasi na kuachwa nje bila kifuniko. Miche huchomoza yenyewe siku zikifaa, tena migumu. Ile inayolelewa ndani ya nyumba kwenye joto hurefuka ikawa myembamba kama uzi, na kabla ya kupandwa bustanini lazima izoeshwe nje kwa siku kama kumi hivi, saa chache chache.

Sasa mmea mchanga unastahimili vipi umande ulioganda, ule ambao wengine huuita sakitu? Kumbuka chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza: maji yakiganda hutanuka, chupa hupasuka. Mmea laini, kama mchicha wetu, hufa hivyo hivyo, maana barafu huupasua kutoka ndani. Mmea uliozoea baridi una hila mbili. Huyatoa maji nje ya seli zake, yakagande pembeni bila madhara; na ndani ya seli huongeza sukari. Akina mama wanaouza barafu za vifuko wanaijua siri hii: ukizidisha sukari, barafu haikazi. Ndiyo maana ua la pansi (si panzi yule anayekula majani) huonekana alfajiri limelala kama limekufa, jua likitoka linainuka.

Hapa niseme na wakazi wa mijini wanaonunua vipakiti vya mbegu kwa kuvutiwa na picha. Pansi ile ile inayoishinda theluji hushindwa na joto letu. Hurefuka ovyo, maua yakapungua, mwishowe hukauka, na muuzaji hakwambii. Ukiwa Lushoto au Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi ya kweli, jaribu. Ukiwa Temeke, fedha yako ipeleke kwenye asumini. Wala usimwombe ndugu yako akuletee mbegu kimyakimya ndani ya sanduku la nguo. Zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, na sababu ni ya maana: ugonjwa mmoja unaweza kuingia na mbegu ukala mashamba ya watu.

Wala tusidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Pareto, ua linalotoa dawa ya kuulia wadudu, asili yake ni pwani ya Dalmatia, Croatia ya leo. Lililetwa Kenya miaka ya 1920, na kwetu hulimwa nyanda za juu kama Makete na Mbeya. Lipande bondeni kwenye joto, utavuna majani matupu. Bila usiku wa baridi halifanyi vichomozo vya maua.

Na kama mzee wetu anafikiria kwenda kuyaona maua ya binti yake, achague mwezi. Minneapolis sakitu ya mwisho huanguka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwezi huo wa Mei atazikuta pansi zimejaa. Mipopi huchanua Juni kuelekea Julai, na wakati huo pansi huwa zimekwisha kuchoshwa na jua.