Kupe, Nyama na Maandishi ya Pakiti

Mtu amekula nyama ya ng'ombe saa moja jioni, akalala akiwa mzima. Saa tano usiku anaamka mwili ukimwasha na kuvimba, tumbo likimkata, na pumzi zikimbana. Nyama haishuku, kwani ameila tangu utotoni. Hivyo ndivyo mzio wa nyama ya mamalia unavyohadaa: mara nyingi hujitokeza baada ya muda wa saa mbili hadi sita.

Chanzo chake ni kupe. Mamalia wengi wana sukari iitwayo alfa-gali, ambayo binadamu hana. Kupe akimwuma mtu aweza kuifanya kinga ya mwili wake iione sukari hiyo kuwa adui. Madaktari wa Marekani walianza kuutambua ugonjwa huu mwaka 2008 na 2009, na kati ya 2010 na 2022 nchini humo walihesabiwa watu zaidi ya 110,000 walioshukiwa kuwa nao. Umeonekana pia Australia, Ulaya na Afrika ya Kusini. Askari alalaye porini anapaswa kuujua.

Kuacha nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe si kazi kubwa; kuku na samaki wapo. Taabu iko katika pakiti na makopo. Peremende laini hutiwa jelatini, ambayo hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Maharage ya kopo huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na supu ya unga iliyoandikwa "kuku" ikawa na shahamu ya ng'ombe. Maneno "ladha asilia" nayo huweza kuficha mchuzi wa nyama. Hata ganda la dawa za kumeza mara nyingi ni jelatini. Alama ya halali, ambayo wengi wetu tunaiamini, haimwokoi mgonjwa huyu, kwa kuwa jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kisheria bado ina alfa-gali. Maziwa huwadhuru baadhi ya wagonjwa, wengine hawadhuriki.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ililazimisha vyakula vinane viletavyo mzio vitajwe waziwazi. Ufuta ukaongezwa kuanzia 2023. Nyama ya mamalia haimo. Kwa hiyo pakiti kunyamaza si ushahidi wa usalama. Mgonjwa na asome orodha yote kila anaponunua, maana watengenezaji hubadili mapishi bila kubadili sura ya pakiti; neno asilolielewa amwulize mtengenezaji, au aiache.

Pumzi zikibana, dawa ni sindano ya adrenalini na kukimbilia hospitali. Mpishi wa kambi naye aambiwe mapema, kwani mafuta yaliyokaangia nyama ndiyo hayo hayo yanayokaangia viazi.