Kompyuta ya dukani isikuibie jioni ya familia

Saa mbili usiku ugali umeshapakuliwa, na mtoto wa darasa la nne amekaa na daftari la hesabu akimsubiri mama. Simu inaita. Ni binti aliyeajiriwa kwenye duka la dawa la familia. “Shikamoo mama. Kompyuta imegoma tena.” Mama anaelekeza: zima, washa, subiri. Nusu saa baadaye chakula kimepoa na mtoto amelala.

Wazazi wengi wenye biashara ndogo wanaijua hali hii. Mara nyingi kosa si la binti. Amepewa kompyuta iliyochoka, inayohitaji fundi kila wiki, ilhali yeye kazi yake ni kuuza na kuandika.

Kwa mtu asiye mtaalamu, kompyuta mpakato nzuri ni ile inayowaka haraka na isiyomsumbua kwa maswali. Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu.

Kwanza, hifadhi iwe ya SSD. Diski za zamani zina sehemu inayozunguka, hivyo ni nzito kuwaka na huharibika kirahisi zikidondoshwa. RAM ya GB 8 inatosha kwa mauzo, barua pepe na hesabu.

Pili, uliza kama programu endeshi yake bado inahudumiwa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Chromebook haina usumbufu mwingi, lakini miaka yake ya kupata masasisho huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka kiwandani, si siku uliyoinunua. Tena, kama programu yenu ya mauzo ni ya Windows, haitawafaa.

Tatu, jaribu betri. Chomoa chaja hapohapo dukani, uitumie nusu saa, uone chaji imeshuka kiasi gani. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, betri ndiyo itakayookoa kumbukumbu.

Ukishanunua, mfungulie mfanyakazi akaunti ya kawaida, ile ya msimamizi ibaki kwako. Hapo itakuwa vigumu zaidi kwake kuweka programu ovyo hata akibonyeza kwa bahati mbaya. Ruhusu masasisho yajifanye yenyewe, na panga nakala za kumbukumbu zihifadhiwe kila siku nje ya kompyuta hiyo. Hili si dogo: orodha ikipotea, tarehe za mwisho wa matumizi ya dawa nazo zimepotea, na dawa iliyoisha muda inaweza kubaki rafuni hadi imfikie mgonjwa.

Usisahau mwili wake. Kioo cha kompyuta mpakato kiko chini, hivyo shingo huinama kutwa nzima. Inyanyue kwa vitabu hadi kioo kilingane na macho, kisha umnunulie kibodi ya pembeni. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Siku ya kwanza kaa naye saa moja. Usimshikie kipanya, mwache awashe, auze, ahifadhi na kuzima mwenyewe huku ukitazama. Anapokwama, mwambie aandike hatua kwenye daftari kwa maneno yake. Usiku akikwama tena, ataanza na daftari hilo kabla ya kukupigia.