Kilohezi 5066

Kwa miaka mingi wapenzi wa redio wa Ulaya waliijua Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, kwa tarakimu nne: 5066. Hayo yalikuwa masafa, kwa kilohezi, ya Radio Candip, kituo cha mawimbi mafupi kilichotokana na chuo cha ualimu cha ISP Bunia, chenye mtambo wa kilowati moja tu. Mtu wa kaskazini aliyetundika waya mrefu kati ya miti yake aliweza, usiku ukiwa mwema, kuisikia sauti ya Ituri ikipanda na kuzama ndani ya mngurumo wa radi za tropiki. Jambo moja linanifurahisha kila nikilikumbuka: kwa kanuni za kimataifa, ukanda wa matangazo wa mita 60 unaishia kilohezi 5060. Candip ilikuwa nje ya ua kwa kilohezi sita, na ndiyo sauti ya Bunia iliyosikika mbali kuliko zote.

Kilowati moja ilitosheaje nchi ya milima na misitu? FM hukatwa na kilima cha kwanza. Wimbi la megahezi 5 lina njia nyingine. Antena ikifungwa chini chini, mita chache juu ya udongo, nguvu yake nyingi huelekea juu karibu wima, hufika kwenye ionosfia kilomita kama 300 angani, kisha hurudishwa chini. Ni kama mpira wa maji ulioelekezwa juu kabisa: maji yanaangukia pande zote, bondeni na mlimani, na hakuna ukuta wa kuyazuia. Ndani ya kilomita mia tatu hivi kila kijiji kinapata sehemu yake. Mchana tabaka la chini la ionosfia, lile la kilomita 60 hadi 90, hula sehemu ya nguvu hiyo. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na kile kilichotoka Bunia kwa mlalo zaidi kinaruka mpaka ng'ambo ya Sahara. Kwa hiyo walichosikia Wazungu kilikuwa masalio. Chakula chenyewe kilipikwa kwa ajili ya Mahagi, Mambasa na Bogoro.

Bogoro iko kilomita kama 25 kutoka Bunia, kwenye barabara inayoteremka Kasenyi. Kwa mpenda redio ni mahali pa bahati, maana baada ya hapo nchi inakatika na kushuka hadi Ziwa Albert, ambalo uso wake uko mita 619 juu ya usawa wa bahari. Kuna hesabu fupi ya kujua FM inafika wapi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wako kwa mita, uzidishe kwa 4.1, upate kilomita. Mtu aliye mita 600 juu ya maji ana upeo wa kilomita 100. Ziwa lina upana wa kilomita 35 hivi. Basi ukingoni hapo redio ya mfukoni ina njia wazi mpaka Uganda, na kituo cha upande wa pili, chenye kibali cha Kampala, kinaingia Kongo bila kuonyesha karatasi kwa mtu. Wakati huohuo kituo cha Bunia, kilicho karibu zaidi, kinaweza kufichwa na mgongo wa kilima. Mipaka ya leseni ilichorwa ofisini, na mawimbi hayajapewa nakala.

Maoni yangu yanaanzia hapo. Kanuni ya redio ingepaswa kuuliza kwanza wimbi linafika wapi na linamsumbua nani. Badala yake, mara nyingi huuliza kifaa ni cha nani na alipe kiasi gani.

Lakini hapa Ituri huwezi kuyasema hayo kwa wepesi. Tarehe 24 Februari 2003, katika vita ya Ituri, Bogoro ilishambuliwa; Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, kwa kusaidia uhalifu huo, tarehe 7 Machi 2014. Vita ile ilikuwa pia vita ya vyombo: foni, yaani redio za mawasiliano za masafa marefu, motorola za mkononi, simu za setilaiti za Thuraya. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, aliyehukumiwa mwaka 2019, madaftari ambamo watu wa mitambo waliandika ujumbe wa redio wa jeshi lake, la UPC, yalisomwa mahakamani kama ushahidi. Kabla ya hapo foni ilikuwa chombo cha misheni, hospitali na marubani wa ndege ndogo: mgonjwa aombewe ndege, dawa ziagizwe, padri aulize barabara. Baada ya vita, waya uliotandazwa juu ya nyumba unaleta maswali. Mwanajeshi anayeuliza ni wa nini ana haki ya kuuliza, na tangu utawala wa kijeshi uwekwe Ituri mwezi wa tano 2021, ataulizia kweli.

Sasa tazama leseni ya redio ya ridhaa, ile ya mpenzi anayerusha mwenyewe, inadai nini. Kongo ina herufi zake za kimataifa, 9Q, kama Kenya ilivyo na 5Z na Tanzania 5H. Anayepewa leseni hupewa alama ya wito inayoanza na herufi hizo, na lazima ajitaje hewani ili yeyote ajue anatoka wapi. Kanuni za Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano zinamkataza, anapozungumza na nchi nyingine, kuficha maana ya maneno yake kwa msimbo. Hafanyi biashara. Mazungumzo yake yanasikika na kila mwenye kipokezi. Mkutano wa Muungano huo huko Geneva mwaka 2003, mwaka uleule wa msiba wetu, uliiachia kila nchi iamue yenyewe kama itadai mtihani wa Morse, na ukaruhusu wazi mitambo ya ridhaa kubeba ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura na maafa.

Linganisha na simu ya dola hamsini. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kutoka mtumaji hadi mpokeaji, hata kampuni yenyewe haiusomi, na hakuna aliyefanya mtihani ili autumie. Silalamiki, faragha ni haki. Ninachosema ni kwamba yule anayejitaja kwa jina na kuzungumza waziwazi ndiye anayeogopwa, kwa sababu antena yake inaonekana.

Kuhusu fedha, nitasema kidogo tu. Mwaka 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilileta RAM, rejista ya simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu ya intaneti ya kasi, zikikatwa kwenye uniti za mwenye simu. Watu walipiga kelele, wabunge nao, na mwaka 2022 ikafutwa. Uingereza ilitoza leseni ya kusikiliza redio tangu 1922 mpaka 1971 ndipo ikaiacha. Kumtoza mtu kwa sababu ana kipokezi ni kumtoza kwa kuwa na masikio.

Kelele halisi, ile isiyotozwa na mtu, inatoka sokoni. Kijiji kisicho na nguzo za umeme kilikuwa paradiso ya mawimbi mafupi: usiku hewani mlikuwa na radi na vituo basi. Kisha ikaja sola, na sitasema neno baya juu ya sola, kwa maana mtoto anayesoma usiku ana thamani kuliko Candip. Ila chaja ya USB ya bei nafuu na balbu nyingi za LED hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kifaa kinachokatiza umeme kwa kilohezi 50 kinazaa marudio yake kwenye 100, 150, 200, na kuendelea. Rudio la mia moja liko kilohezi 5000, jirani kabisa na 5066. Nyaya ndefu kutoka paneli hadi betri zinakuwa antena ya uchafu huo. Vifaa vizuri vina kichujio ndani, koili na kapasita za senti chache. Ndizo zinazoondolewa kwanza kiwanda kinapotaka kupunguza bei. Nchi nyingi zina viwango vya kelele hizo. Mzigo unaofika kwenye meza za soko la Bunia haujapimwa na mtu. Mwenye redio afanye haya: asokote nyaya mbili za sola pamoja ili sumaku zao zifutane, azizungushe kwenye pete ya feriti, na apeleke antena yake mbali na nyumba. Mita kumi hubadilisha mambo sana.

Neno juu ya simu. Nyingi zina kipokezi cha FM ndani, kinachotumia waya wa earphone kama antena. Kwa megahezi 100 wimbi lina mita 3, robo yake ni sentimita 75, hivyo waya wa masikioni unafaa kabisa. Tangu Apple ilipoondoa tundu la earphone mwaka 2016 na wengine kuiga, antena hiyo inapotea pamoja na tundu. Kule kwenye intaneti isiyokatika huenda ni jambo dogo. Kongo ilikatiwa intaneti baada ya uchaguzi, kuanzia 31 Desemba 2018, karibu wiki tatu. Siku zile FM katika simu haikuwa pambo. Mimi simnunulii mtu wa nyumbani simu isiyo na tundu.

Halafu Starlink. Machi 2024 ARPTC iliipiga marufuku kwa kukosa leseni. Mei 2025 ikaipa. Watu wanaiona sahani kama kipokezi, ila ni mtambo wa kurusha: inatuma kwa gigahezi 14 na kitu kuelekea angani. Mwenye nyumba hafanyi mtihani. Leseni ya kampuni inamfunika, kifaa kimekwisha kuidhinishwa, na mambo yanaenda.

Njia hiyohiyo ingewezekana kwa watu wa Bogoro na redio ndogo za wati 5, kwenye megahezi 144 hadi 146, ukanda ambao tayari ni wa ridhaa katika Afrika nzima. Aina za redio zilizopimwa zitajwe. Mtihani uwe mfupi, kwa Kiswahili, ufanyike Bunia bila kumpeleka mtu Kinshasa. Kila mmoja apewe alama yake ya 9Q, na daftari la majina liwekwe kwa msimamizi wa eneo la Irumu, ambako mwanajeshi mwenye swali kuhusu waya anaweza kwenda kulifungua.