Kingamwili za Mama na Mapigo ya Moyo wa Mtoto Tumboni

Kazi ya kingamwili ni kuulinda mwili dhidi ya maradhi. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wenye lupasi au ugonjwa wa Sjögren, kingamwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mbili kati ya hizo, anti-Ro na anti-La, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huko huweza kuharibu njia inayopitisha umeme wa moyo. Kwa kawaida moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Njia hiyo ikikatika kabisa, mapigo hushuka hadi kufikia 50 au 70, na uharibifu huo hauponi.

Tatizo hili ni nadra. Kwa mama mwenye anti-Ro ambaye hajapata mtoto wa namna hiyo, hutokea katika mimba 1 au 2 kati ya 100. Aliyekwisha kumpata, hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Huanza aghalabu baina ya wiki ya 18 na ya 24, na mama mwenyewe huenda asihisi maumivu yoyote.

Tunawashauri wajawazito wa Pemba mambo manne:

1. Mweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza iwapo una lupasi, au uliwahi kupata mtoto mwenye mapigo ya polepole. Kipimo cha moyo wa mtoto huenda kikakulazimu kuvuka bahari, na safari hiyo hutaka matayarisho.

2. Usiache haidroksiklorokwini kwa kuihofia mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa dawa hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya tatizo kujirudia.

3. Ikiwa unatumia methotreksati, muone daktari kabla ya kushika mimba ili akubadilishie, kwani dawa hiyo humdhuru mtoto.

4. Usinunue deksamethasoni bila cheti cha daktari. Huvuka kondo la nyuma, hupandisha sukari na shinikizo la damu la mama, na huweza kudumaza ukuaji wa mtoto.

Mkunga akisikia mapigo ya polepole, nenda hospitali siku hiyohiyo, si duka la dawa. Watoto wengi wenye tatizo hili huishi, na wengi wao husaidiwa na kifaa cha kuendesha mapigo kinachopandikizwa mwilini. Mama asilaumiwe: kingamwili hizi hazitokani na kosa lake.