Kirusi cha herpesi kinavyojengwa

Tetekuwanga ya utotoni, mkanda wa jeshi unaochoma ubavuni mtu akishazeeka na vidonda vinavyojirudia mdomoni vyote husababishwa na virusi vya jamii moja, herpesi. Virusi hivi vikishaingia havitoki tena. Hujificha katika seli za neva, na kinga ikilegea huamka. Huko kujificha kumeandikwa sana. Kinachonivuta mimi ni ujenzi unaoanza baada ya kuamka, maana nao una mahali pa kuuvuruga.

Tuchukue HSV-1, kirusi cha vidonda vya mdomoni. Gamba lake, kapsidi, lina nyuso 20 na upana wa nanomita 125 hivi. Sehemu kubwa ya gamba ni protini moja, VP5, iliyorudiwa mara 955. Ili nakala hizo zikae sawasawa, zinahitaji protini za kiunzi, ambazo kazi yake ni kama ya mbao na mirunda inayoshikilia zege la ghorofa mpaka lishike, kisha ikang'olewa. Gamba changa huwa la mviringo. Kimeng'enya kilichofungiwa humo ndani hukikata kiunzi, nalo gamba hujikaza na kutoa pembe zake. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kiunzi hubaki ndani na DNA haiingii.

Kati ya pembe 12, moja haifanani na nyingine. Hapo pana mlango, pete ya nakala 12 za protini UL6. Mlangoni hujipachika mashine iitwayo terminesi, inayotumia nishati ya seli kusukuma DNA ndani, na gamba likijaa inaikata. Uzi huo wa DNA, wenye jozi za besi 152,000, ungenyooshwa ungefika mikromita 50, yaani mara 400 ya upana wa gamba lenyewe! Umebanwa mno hivi kwamba mgandamizo ndani hufikia takriban mara 18 ya ule wa hewa tunayovuta.

Sasa gamba limejaa, lakini bado limo ndani ya kiini cha seli, na matundu ya kiini hicho ni madogo kwake. Protini mbili, UL31 na UL34, hujipanga kwa mtandao wa pembesita chini ya utando wa kiini na kuukunja hadi ulizingire gamba. Mwaka 2014 maabara ya Ekaterina Heldwein, Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, ilionyesha kuwa protini hizo mbili peke yake, zikiwekwa kwenye vifuko vya utando vilivyotengenezwa maabara, huukunja na kuukata bila msaada mwingine. Baada ya hapo gamba huvua utando huo, huvikwa protini nyingine nje ya kiini, hupata utando wa mwisho na kutoka.

Asikloviri, dawa tuliyoizoea, huzuia DNA ya kirusi isinakiliwe; ujenzi wenyewe haiugusi. Letermoviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huishambulia terminesi, mashine ambayo seli za binadamu hazina. Hutumika kuwakinga waliopandikizwa uboho dhidi ya sitomegalovirusi, ndugu mwingine wa herpesi. Kwa maoni yangu, huku ndiko utafiti unastahili kuongezewa nguvu. Virusi vyote vya jamii hii vina terminesi, ila maumbo yake hutofautiana kiasi kwamba letermoviri haiwezi kutibu vidonda vya mdomoni wala mkanda wa jeshi.